Mkebe wa Jivu la Ijumaa

Kwanza tukubaliane jambo moja, ninyi mlioshika reki baada yangu: majani hayaishi. Mtu akikuambia amemaliza kufagia ua wake, mwangalie miguuni, utakuta amekanyaga jani. Nimefagia nyua za watu Migori na Homa Bay tangu nikiwa msichana wa kiuno chembamba mpaka sasa ambapo kabla ya kuinama lazima nipange jinsi ya kuinuka, na sijawahi kumaliza hata siku moja. Mwezi jana nimestaafu. Asubuhi ya kwanza ya kustaafu niliamka mapema, nikafagia kwangu, kisha nikakaa kwenye ngazi nikicheka peke yangu kama mwehu.

Siku hizi mnaniita Dani, yaani nyanya, na sikatai. Lakini kazini nilikuwa Nyar Macalder, binti wa Macalder, maana kwetu Waluo mwanamke huitwa kwa alikotoka hata akizeekea kwingine. Na Macalder watu huchimba dhahabu. Mama yangu aliosha mchanga kwenye karai maisha yake yote, nami nilianza kuosha kabla sijajua kusoma. Unatia mchanga, unatia maji, unazungusha, unamwaga cha juu. Kizito kinabaki chini. Niliichukia kazi ile kuliko dawa ya minyoo. Nilipopata kibarua cha kufagia majani mjini Migori nilimwambia mama, "Mimi na karai tumeachana." Mungu alinisikia, na nadhani alicheka.

Kibarua chenyewe kilikuwa kwenye kompaundi ya nyumba sita za wapangaji, na aliyenipokea ni Mzee Chacha, Mkuria mrefu aliyevaa kofia ya sufi hata jua la saa nane. Nilifika nimejifunga leso kiunoni, tayari kwa vita. Hakunipa reki. Alinipa kigoda.

"Kaa hapo uangalie linaangukia wapi," akasema.

"Nani, Mzee?"

"Jani."

"Mzee, mimi nimekuja kufanya kazi."

"Hii ndiyo kazi. Ukijua upepo unapeleka wapi, utafagia mara moja. Usipojua utafagia mara nne, na kuku watakucheka."

Nikakaa saa nzima nikitazama jani moja moja likishuka, huku wapangaji wakipita wakiulizana kama huyu msichana ni mgonjwa. Lakini yule mzee alikuwa sahihi, na mpaka leo nikiingia ua mgeni naomba kiti kwanza. Alinifundisha pia kufagia umande ukiwa bado chini, kwa sababu jani lenye maji halikimbii. Kwenye nyasi tumia reki, kwenye udongo tumia ufagio wa njiti, na ufagie kwa ubavu usije ukachimba ua wa watu ukawa shimo. Mwanzoni nilikuwa nachimba. Alisimama nyuma yangu akasema, "Nyar Macalder, hapa hakuna dhahabu. Fagia juu juu."

Alikuwa na sheria mbili ambazo hakutaka kusikia zikijadiliwa. Ya kwanza, majani hayachomwi. Unachimba shimo linalofika kiunoni, unatandika majani, unatandika samadi, unamwagia maji, unafunika kwa gunia, na baada ya miezi mitatu una udongo mweusi ambao hata jiwe lingeota humo. Ya pili, usipeleke rundo popote kabla hujalipitisha mikono. "Rundo la majani ni mfuko wa nyumba," alisema. "Kila kinachowaponyoka wenye nyumba kiko humo."

Nilidhani anazidisha, mpaka siku nilipopitisha mkono nikashika kitu chenye meno. Niliruka, nikapiga kelele, nikakanyaga reki, mpini ukanipiga paji la uso. Yalikuwa meno ya bandia ya mpangaji wa nyumba namba tatu, mwimbaji wa kwaya ambaye kwa wiki mbili tulijiuliza kwa nini anaimba kwa kupiga mluzi. Mzee Chacha aliyaosha, akayaweka juu ya nguzo ya ua, yakawa yanatabasamu kwa kila apitaye. Jioni mwenyewe alikuja, akatazama kushoto, akatazama kulia, akayatia mdomoni. "Asante, Mzee," akasema, na ilikuwa raha kuisikia ile 's' imerudi bila mluzi.

Mzee Chacha aliporudi kwao kupumzika, alinipigia debe kwa mjane mmoja wa Homa Bay, mwalimu mstaafu ambaye kila mtu alimwita Mama Mwalimu. Nyumba yake iko mtelemkoni, ziwa linaonekana katikati ya matawi. Na matawi yenyewe, woi! Jakaranda mbili, avokado moja, na mti mmoja mkubwa wa mkungu ambao kila Januari, jua likikaza, majani yake huwa mekundu kabisa, kisha huanguka moja moja kwa kishindo, pa! pa!, mpaka unadhani kuna mtu anapigwa makofi huko nje. Mama Mwalimu aliyapenda yale mekundu. Kila asubuhi ya msimu huo alitoka na kandambili zake, akachagua mazuri, akayatia kwenye glasi mezani badala ya maua.

Siku ya kwanza alinihoji akiwa amekaa verandani, mimi nimesimama na ufagio wangu.

"Unafagia?"

"Nafagia, Mama."

"Na kuchoma?"

"Sichomi. Mzee Chacha alinikataza." Nilijibu kwa majivuno, nikingoja sifa.

Uso ukamshuka. "Hata kidogo?"

"Mama unataka nichome?"

"Kidogo tu. Mkebe mmoja wa kakao, kila Ijumaa. Jivu laini, unaliacha dirishani pa jikoni."

"La nini, Mama?"

"La kazi," akasema, na mahojiano yakaisha.

Basi kila Ijumaa nikawa nachoma mkumbatio mmoja wa majani, nachekecha, najaza mkebe. Nililiwaza jivu lile sana. Si la sufuria, maana sufuria zilikuwa na sabuni yake. Si la wadudu wa sukuma wiki, maana sukuma ilitobolewa vilevile. Mwisho nikaamua ni la meno, kwa kuwa Mama Mwalimu alikuwa na meno mazuri mno kwa umri wake. Nikaanza kusugua meno yangu kwa jivu la jakaranda. Nikawaambia majirani siri ile. Nusu ya barabara yetu ikawa inasugua meno kwa jivu, na wote tulikubaliana kwamba tunaona tofauti.

Mngeniuliza kwa nini sikuchungulia tu nikaona. Mimi ni Msabato. Ijumaa jua likizama naweka reki chini, Jumamosi nashinda kanisani. Mama Mwalimu ni Mkatoliki, misa yake ni Jumapili. Kwa miaka yote ile sikuwahi kujua Jumamosi ya nyumba ile inafananaje.

Nilichojua ni pete. Kila mtu aliijua. Marehemu mumewe, wakati wa kumchumbia, aliswaga dume lake mpaka soko la Ogwedhi, akaliuza, akarudi na pete ya dhahabu. Dume lilikuwa jekundu, lenye pembe moja. Hata wajukuu waliozaliwa juzi wanalijua. Jumapili Mama alipokwenda misa pete iliwaka mpaka padri alifumba jicho. Kidole chenyewe kilikuwa na ukijani kidogo, lakini nilidhani ni kwa sababu ya kuchuma mboga.

Sasa ile Ijumaa. Ilikuwa msimu wa mkungu, na Jumapili yake kulikuwa na maombi ya kumkumbuka marehemu hapo nyumbani. Ijumaa hiyo hiyo alikuwa anakuja Omondi, kifungua mimba wao anayekaa Nairobi, akimleta dada ya marehemu, ambaye sote tunamwita Waya, shangazi. Waya ni mtu wa kukagua. Akiingia kwako anapitisha kidole juu ya kabati. Nilitaka akute ua umenyooka kama meza ya Bwana. Lakini mkungu ulikuwa umepandwa na wazimu wiki ile, shimo langu lilikuwa limejaa, na karibu na lango palikuwa na rundo linalonifika kifuani. Saa nane nikasikia honi kule chini barabarani.

Nilichoma. Nakiri mbele yenu wote. Nilichoma rundo zima, na sikupitisha mkono. Sheria zote mbili za Mzee Chacha nilizivunja kwa kiberiti kimoja, kwa ajili ya sifa. Majani makavu ya mkungu hayahitaji kubembelezwa. Dakika chache tu yalikuwa yamekwisha, na moshi wote ukaenda kumpokea Waya akishuka kwenye gari. Alitusalimia akikohoa.

Chai ilikuwa bado haijapoa wakati Waya alipoweka kikombe chini. "Min Omondi," akamwambia Mama, yaani mama yake Omondi, "pete ya ndugu yangu iko wapi?"

Mama akauficha mkono ndani ya leso. "Itaonekana. Kunyweni chai."

Hapo ndipo chai ilipoharibika. Omondi akapindua mito ya viti, akaingia chini ya kitanda na suruali yake ya Nairobi. Mama alikuwa amekonda mwaka ule na kidole kimepungua. "Asubuhi nilikuwa nayo," akasema polepole. "Nilikuwa nachagua majani mekundu pale langoni."

Nikatazama langoni. Palikuwa na duara jeusi linalofuka moshi. 

"Huyu anayefagia anatoka wapi?" Waya akauliza, akiniangalia mimi lakini akimwuliza Omondi.

"Macalder."

"Macalder!" Alilitamka kama daktari anayetaja ugonjwa.

"Nyar Macalder," Omondi akasema kwa upole wa watu waliosoma, "mimi sisemi umeiba. Nasema tu kwamba unatoka Macalder."

Yawa! Mimi ambaye sijawahi kuvaa hata hereni! Kanisani kwetu mtu akija na bangili tunamwombea. Mimi niliyeikimbia dhahabu tangu utotoni, leo ndiyo inakuja kunifukuzisha kazi na kuniita mwizi ndani ya ua niliofagia miaka yote hiyo! "Nileteeni karai," nikasema. "Na maji. Na mtu yeyote asiguse jivu lile."

Mama akasimama haraka kuliko nilivyowahi kumwona. "Acha, Nyar Macalder. Umechoka. Utafanya kesho."

"Kesho ni Sabato, Mama."

"Jumapili basi."

"Jumapili nitakuwa mwizi wa siku mbili."

Akakaa. Nilidhani ananihurumia tu. Ilikuwa inakaribia saa kumi na moja, na jua kwetu huzama kwenye kumi na mbili na nusu hivi. Likizama kabla sijaipata, nitaweka karai chini, nitakwenda kanisani asubuhi, na nikirudi nitakuta jina langu limeshazunguka mji mzima.

Basi nikapiga magoti langoni nikaanza. Naona haya kuwaambia, lakini ilikuwa tamu! Mikono haikusahau kitu. Tia jivu, tia maji, zungusha, mwaga cha juu. Makaa yanaelea, majivu yanaondoka na maji, kizito kinashuka chini. Karai la kwanza, misumari miwili. La pili, kifuniko cha soda. La tatu nikainua kijiko, na Mama akapiga kelele kutoka verandani, "Kijiko changu!" Kilikuwa kimepotea muda mrefu. La nne, sarafu. Omondi alikuwa ameshakunja mikono ya shati, anachota maji kwenye tangi kwa ndoo, viatu vimelowa, amesahau kwamba mimi ni mshukiwa. Waya alivuta kiti cha plastiki karibu, kisha karibu zaidi, mpaka magoti yake yakagusa karai.

"Zungusha kushoto," akaniambia.

"Waya, kazi hii nimezaliwa nayo."

"Basi zungusha unakotaka, lakini zungusha!"

Sijui lilikuwa karai la ngapi. Jua lilikuwa limeshaingia kwenye matawi ya chini. Nikamwaga maji ya mwisho na pale pembeni, kwenye tope, pakabaki kiduara. Nikakiokota. Nikakisugua kwa dole gumba.

Kilikuwa cheusi. Nikasugua tena. Cheusi.

Nilichofundishwa na mama yangu cha kwanza kabisa ni hiki: moto hauifanyi dhahabu chochote. Ichome utakavyo, itatoka njano vilevile. Kwa hiyo nilijua pale pale, nikiwa nimepiga magoti, kwamba pete ya Mama Mwalimu ni shaba. Na sekunde ya pili nikajua jambo jingine. Nikisema sijaiona, mimi ni mwizi. Nikiionyesha, watasema nimeuza ya dhahabu na kuwaletea ya shaba, na mimi ni mwizi vilevile. Nilikuwa nimeosha majivu jioni nzima kujitafutia kifungo kwa mikono yangu.

Nikainua macho. Mama hakuwa anatazama karai. Alikuwa ananitazama mimi usoni, na alijua kwamba nimejua.

Ningeweza kuidondosha kwenye tope. Lakini uongo sijauzoea, uso wangu huutangaza. Nikainua mkono. "Iko hapa," nikasema.

Waya akainyakua, akaigeuza kwenye mwanga. "Hii si yenyewe! Dhahabu haiwi nyeusi! Ameuza ile ya ndugu yangu, ametuletea shaba! Omondi, piga simu!"

Omondi akatoa simu, akanitazama, akatazama viatu vyake vilivyolowa, hajui amwamini nani. Mama Mwalimu akainuka, akaingia jikoni, na sote tukadhani amekwenda kulia.

Alitoka ameshika nusu ya ndimu mkono mmoja. Mkono wa pili alishika mkebe wa kakao. Mkebe wangu!

Akaketi. Akaichukua pete mkononi mwa Waya, akaichovya kwenye jivu, akaikamulia ndimu, akaanza kusugua kwa pembe ya leso, bila haraka, kama mtu anayejua kila kona. Tulisimama tukitazama. Weusi ukatoka kidogo, ukatoka tena, na chini yake pete ikaanza kuwaka, njano kabisa, ile ile ya Jumapili.

"Waya," akasema, "hii ndiyo pete niliyovishwa na ndugu yako. Wiki mbili baada ya harusi kidole changu kilikuwa kijani. Tangu hapo naisugua kila Jumamosi, ili Jumapili iwe dhahabu. Huyu mtoto wa watu hajabadilisha kitu."

"Baba alijua?" Omondi akauliza.

"Sijui, mwanangu. Kama walimdanganya kule Ogwedhi, ningemwambiaje, na dume alishauza? Na kama alinidanganya yeye, basi alinitaka sana. Sikumwuliza. Nilisugua."

Waya alikuwa amekaa wima, mdomo wazi, na niliogopa kwamba sasa atalia au atalaani. "Lakini lile dume," akasema mwishowe. "Dume zima!"

"Lilikuwa na pembe moja, Waya," Mama akamjibu. "Nadhani na wao walimlipa kinacholingana."

Sijui nani alianza. Nadhani ni Waya, sauti kama ya kuku anayetaka kutaga, halafu Omondi akaketi juu ya ndoo, halafu Mama mwenyewe akafunika uso kwa leso mabega yakiruka. Mimi nilikuwa nalia na kucheka kwa pamoja, na ndipo jambo jingine likanijia kichwani.

"Mama!" nikasema. "Na mimi miaka yote hii nimesugua meno! Barabara nzima inasugua meno!"

Hapo ndipo tulipokwisha kabisa. Omondi alianguka kutoka kwenye ndoo. Waya alinishika mabega, majivu yote yale yakahamia kwenye gauni lake la safari, akasema, "Nyar Macalder, nisamehe, mimi ni mjinga mzee." Nikamwambia nimemsamehe, lakini jua linazama, anisaidie kubeba karai. Akalibeba. Tulifika stoo, mimi na Waya tumeshika sikio moja kila mtu, mwanga wa mwisho ukiwa bado kwenye kilele cha mkungu. Nikaweka reki chini kwa wakati wake.

Tangu hapo kila rundo nililipitisha mikono, mpaka lile la mwisho kabisa. Na ninyi mpitishe. Chimbeni mashimo mawili msimu wa mkungu, moja halitoshi. Umande usiwapite. Mkifika ua mgeni ombeni kiti, mtazamwe kama wagonjwa, si neno.

Na Ijumaa jazeni mkebe. Mama Mwalimu sasa vidole vyake vimekakamaa, havikazi tena, na kwa kuwa Jumamosi mimi sishiki kazi, tumehamisha kusugua iwe Ijumaa saa tisa. Nimestaafu majani, sijastaafu pete. Mtanikuta pale verandani na ndimu yangu, tukibishana naye kama dume lilikuwa jekundu au la kahawia, nipisheni tu. Jivu liwe la jakaranda, la mkungu lina mchanga. Chekecheni mara mbili, tena kwa kitambaa, maana miaka ya kusuguliwa imeimaliza pete ile, imebaki nyembamba kama uzi, na tunataka imfikishe kwa mumewe.